Mtoto Mchanga na Uwongofu Aliozaliwa Nao

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanaadamu kutokana na tone dhaifu, kisha akampa umbo, akampa roho, na akampa njia ya kuishi kabla hajampa ulimi wa kuombea. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, Mtume wa mwisho, na Aali zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu katika yale tunayoyafanya mbele za watu na yale tunayoyafanya ndani ya nyumba zetu, milango ikiwa imefungwa. Na miongoni mwa yale yaliyomo ndani ya nyumba zetu, hakuna amana iliyo dhaifu zaidi kuliko mtoto aliyezaliwa jana.

Huenda akatokea mtu akasema: Sheikhe, habari za mtoto mchanga ni za wakunga na wanawake, za nini kupandishwa mimbarini? Jawabu ni kuwa mtoto akizidiwa usiku, anayeamua gari ikodiwe au isikodiwe ni baba aliyekaa hapa msikitini. Na anayeamua kuwa mama asitoke ndani mpaka zitimie arubaini ni bibi anayetusikiliza kule nyumbani. Na anayeitwa kuja kumsomea mtoto ni mwalimu wa chuoni, kama mimi. Basi maneno haya yanatuhusu sote.

Katika Surat Taha, Aya ya 50, tunaelezwa jawabu alilolitoa Nabii Musa, amani iwe juu yake, pale Firauni alipomuuliza juu ya Mola wake. Alimjibu kuwa Mola wetu ni yule aliyekipa kila kitu umbile lake, kisha akakiongoza. Wanavyuoni wa tafsiri wameeleza kuwa miongoni mwa maana za uwongofu huu ni ule ujuzi ambao kiumbe huzaliwa nao pasina kufundishwa na mtu: kifaranga kudonoa, samaki kuogelea, na mwana wa mwanaadamu kulitafuta ziwa la mama yake. Na katika Surat An-Nahl, Aya ya 78, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa alitutoa matumboni mwa mama zetu hali ya kuwa hatujui kitu, akatujaalia masikio na macho na nyoyo. Hajui kitu, lakini hakuachwa mtupu.

Mtizameni mtoto wa saa moja. Mguse shavu la kulia kwa kidole, atageuza uso upande wa kulia na kufungua mdomo. Mguse la kushoto, atageukia kushoto. Hajamwona mama yake vya kutosha kumjua, wala hajui ziwa ni nini, lakini shavu likiguswa tu kichwa kinageuka. Chuchu ikifika juu ya ulimi na kugusa kaakaa, mdomo unafunga na kuanza kuvuta. Na kuvuta huko si jambo jepesi kama tunavyodhani, kwani mtoto anafanya mambo matatu kwa zamu: ananyonya, anameza, anapumua, kisha anarejea tena, wala maziwa hayaendi katika njia ya pumzi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, chini ya wiki 34 za mimba, mara nyingi bado hajaweza kuyapanga mambo hayo matatu. Kwa hiyo hospitali humkamulia mama maziwa yake wakampa mtoto kwa kikombe au kwa mpira mwembamba, na humwambia mama ambebe mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Asidhani mtu kuwa mtoto huyo ni mvivu au amekataa ziwa. Siku zake za kunyonya hazijafika tu.

Kisa cha kunyonya kimo ndani ya Qur-ani. Katika Surat Al-Qasas tunasoma kuwa mama yake Musa alipewa ilhamu amnyonyeshe mwanawe, na atakapomkhofia amtie mtoni. Mtoto akaokotwa na watu wa Firauni, wakaletwa wanyonyeshaji, naye akawakataa wote mpaka aliporejeshwa kwa mama yake. Fikirini: nyumba nzima ya mfalme ilishughulika kwa sababu mtoto mmoja hanyonyi. Watu wa Firauni, pamoja na ukafiri wao, walijua kuwa mtoto asiyenyonya si jambo la kungojea mpaka kesho.

Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliletewa watoto wachanga akawafanyia tahniki, yaani alitafuna tende akawapaka kaakaani. Abdullahi bin Zubeir, wa kwanza kuzaliwa Madina katika watoto wa Muhajirina, alipata baraka hiyo. Na alipoletewa mtoto wa Abu Talha na kupakwa tende, mtoto akaanza kuramba na kuchezesha midomo, Mtume akawaonesha waliokuwapo jinsi Ansari wanavyopenda tende. Kiongozi wa umma aliacha shughuli zake akatizama midomo ya mtoto mchanga inavyocheza, akafurahi. Sisemi kuwa Hadithi hii ilikuja kufundisha utabibu, wala sipendi mtindo wa kuzikamua Aya na Hadithi zitoe kila kilichogunduliwa na madaktari. Nasema tu kuwa kumtizama mtoto kwa makini ni katika mwendo wa Mtume. Na mwenye kutaka kuihuisha sunna hii, awe kidogo sana, kwa mkono msafi, na mwenye kikohozi au vidonda mdomoni asimtafunie mtoto kitu.

Ziko harakati nyengine. Ukimtia mtoto kidole kiganjani, atakishika kwa nguvu usizozitarajia. Ukimsimamisha kwa kumshika kwapani, nyayo zikagusa chini, atanyanyua miguu kama anayepiga hatua. Hatua hizo hupotea kiasi cha mwezi wa pili, na kule kushika kwa kidole hupotea kati ya mwezi wa nne na wa sita, kwa sababu ubongo unaanza kuitawala mikono na miguu kwa hiari. Kwa hiyo mama asihuzunike akisema: mwanangu alikuwa akipiga hatua, sasa ameacha. Ameacha ili ajifunze.

Lakini iliyo mashuhuri zaidi, na iliyoleta maneno mengi katika visiwa vyetu, ni ile ya kushtuka. Mlango ukigongwa, au kichwa cha mtoto kikishuka ghafla wakati wa kumlaza, hukupua mikono yote miwili akaitandaza, akafungua vidole, kisha akaikusanya kifuani kama anayekumbatia, na pengine akalia. Daktari wa watoto nchini Ujerumani, Ernst Moro, aliieleza kwa urefu mnamo mwaka 1918, na mpaka leo madaktari huiita kwa jina lake. Sisi mtoto akifanya hivyo husema ameona kitu, akafungwa mvuje, akavalishwa hirizi. Hakuona kitu, ndugu zangu. Mishipa yake ya fahamu inafanya kazi iliyoumbiwa, na mtoto ambaye hashtuki kabisa ndiye wa kumtia khofu daktari. Hali hii nayo huondoka kati ya mwezi wa nne na wa sita. Ikiwa mtoto anakupua mkono mmoja tu na wa pili umelala, hapo pana jambo. Huenda mshipa wa begani ulivutika au mfupa wa mtulinga ulivunjika wakati wa kuzaliwa, na hilo linatibika vyema likionekana mapema. Mpelekeni akaangaliwe, na wala msimpe mtu auvute mkono huo kwa kisingizio cha kuukanda.

Sasa nafika katika jambo lililonifanya nichague maudhui haya.

Miaka ya 1980, nikiwa kijana nasoma chuoni, mwalimu wangu aliitwa usiku kwenda kumsomea mtoto katika kijiji kimoja cha kaskazini ya kisiwa chetu, nami nikamfuata nimebeba taa. Mtoto alikuwa na siku sita. Taya zimefungana, mgongo umepinda kama upinde, na kila mtu akizungumza kwa sauti au taa ikisogezwa, mwili wote ulikakamaa. Kitovuni palikuwa na jivu lililochanganywa na mafuta. Nyumba ilikuwa imejaa watu, na kila mmoja anasema ni degedege, ndege wa usiku amepita juu ya paa. Mwalimu wangu alisoma Al-Fatiha na Al-Muawwidhatain, hakurefusha, kisha akamgeukia baba wa mtoto akamwambia: mimi nimekwisha soma, wewe sasa tafuta gari. Gari ilipatikana alfajiri. Mtoto alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Nalikumbuka neno la baba yake tulipokuwa tukisubiri maji ya kumkosha: "Sheikhe, juzi alikuwa akinyonya mpaka mama yake akalalamika."

Neno hilo ndilo alama ya pepopunda. Mtoto mwenye pepopunda huzaliwa mzima, akanyonya na kulia kama wenziwe siku mbili za mwanzo. Kisha, kuanzia siku ya tatu mpaka ya 28, huanza kushindwa kunyonya, mdomo ukakataa kufunguka, halafu mwili ukakakamaa. Vijidudu vyake huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama, na huingia kwa kidonda cha kitovu, kwa wembe usio safi, kwa jivu, kwa samadi, kwa kila kinachopakwa pale kwa nia njema. Shetani hahitajiki hapo. Kinga yake ni mama kuchanjwa, kwani chanjo ya mama humkinga mtoto angali tumboni, na kitovu kukatwa kwa kifaa kisafi. Chanjo imeyafanya maradhi haya kuwa machache mno kuliko tulivyoyaona sisi tulipokuwa wadogo, lakini vijidudu bado vimo udongoni, na mama asiyechanjwa bado yumo hatarini na mwanawe.

Na kuhusu kitovu, kisiwa chetu kina ushahidi wake. Kati ya mwaka 2011 na 2014 ulifanyika hapa Pemba utafiti wa watoto zaidi ya 36,000, kupima kama kupaka kitovu dawa ya kuua vijidudu iitwayo klorheksidini kunapunguza vifo kuliko kukiacha kikavu. Haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Ikiwa dawa ya hospitali yenyewe haikuonesha kukipita kitovu kilichoachwa safi na kikavu, basi jivu na mafuta ya taa vitaonesha nini? Kiacheni kitovu kikavu, isipokuwa mhudumu wa afya akiagiza vyenginevyo.

Si pepopunda peke yake inayomnyima mtoto kunyonya. Sumu ya maradhi kuingia katika damu, manjano iliyozidi, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, homa, baridi, yote haya huanzia hapo hapo: mtoto aliyekuwa akinyonya mara nane mpaka kumi na mbili kwa usiku na mchana anaanza kulala, ziwa anapewa analiachia, akiamshwa haamki vizuri. Watu wa nyumbani wakafurahi wakasema: mtoto huyu mpole, halii. Upole huo uchunguzeni. Mtoto wa wiki moja asiyelia wala kutaka ziwa, na asiyetikisika mpaka atikiswe, ni mgonjwa mpaka daktari aseme si mgonjwa. Na vivyo hivyo ikiwa anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika naye ametulia, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au mwili wake ni wa moto sana au wa baridi sana, au macho na nyayo zimekuwa za manjano.

Mtauliza: tutajuaje kushtuka kwa kawaida na degedege? Mtoto akitetemeka mkono au mguu, ushike taratibu na uukunje. Ukitulia mkononi mwako, mara nyingi ni kutetemeka tu kwa mtoto mchanga, naye aangaliwe kama amenyonya vya kutosha. Usipotulia, ukaendelea kuruka ndani ya kiganja chako, au macho yakaganda upande mmoja, au midomo ikatafuna bila ya kitu, hiyo ni degedege, nayo ni ya hospitali saa hiyo hiyo. Wako wanaoamini kuwa mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Wameona watoto waliokufa baada ya sindano, na hilo ni kweli, kwani waliwazungusha kwa waganga siku mbili tatu, wakawapeleka kwa daktari wakati roho imefika kooni, kisha lawama wakaitwika sindano.

Mimi ni msomaji wa dua na siwezi kuikana dua. Ruqya imethibiti katika sunna. Lakini Mtume huyo huyo aliyetufundisha kusoma ndiye aliyewaambia mabedui waliomuuliza kuwa wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa. Someni mkiwa ndani ya gari. Na mtoto asiyeweza kumeza maziwa asinyweshwe kombe, kwani litaingia katika pumzi na kumuua. Nawaambia hayo walimu wenzangu wa vyuo kwa uwazi: anayeitwa usiku kwa mtoto asiyenyonya, akaanza kisomo cha saa mbili bila ya kuuliza habari ya hospitali, ajitayarishie jawabu mbele ya Mola wake.

Na arubaini je? Siku arubaini ni muda wa mwisho wa nifasi kwa kauli ya wengi katika wanavyuoni, na katika madhehebu yetu ya Shafii hufika siku sitini. Hukumu hizo ni za sala na saumu na mambo ya ndoa. Hakuna kitabu cha fiqhi ninachokijua kilichoharamisha mama kutoka siku ya tano akiwa na mtoto mgonjwa mikononi. Ada ya kumstarehesha mzazi ndani ni ada njema, ina rehema ndani yake, na wazee wetu walikuwa na hekima. Lakini ada haiwi ukuta baina ya mtoto na hospitali ya Chake Chake, au ya Wete, au ya Micheweni, au ya Abdalla Mzee kule Mkoani.

Mtoto akisalimika miezi hiyo ya mwanzo, hupanda daraja kwa daraja. Hukaza shingo, akageuka, akakaa, akatambaa, akasimama, akatembea. Hapa watu huingia katika mashindano: wa fulani ametembea kwa miezi tisa, wetu ana mwaka bado. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 vipimo vya watoto wenye afya wa nchi tano, na moja ya nchi hizo ni Oman, kwa ndugu zetu. Ilionekana kuwa mtoto mzima huweza kukaa bila ya kushikwa wakati wowote baina ya miezi minne na tisa hivi, na kutembea peke yake baina ya miezi minane na miezi kumi na saba na nusu. Na wako wachache ambao hawakutambaa kwa magoti kabisa, wakasimama na kwenda. Imam Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, katika kitabu chake Tuhfatul Maudud kilichohusu hukumu za watoto, alionya mtoto asilazimishwe kutembea kabla ya wakati wake, isije miguu yake ikapinda kwa udhaifu. Ni zaidi ya miaka 690 sasa, na bado tunawasimamisha kwa nguvu.

Lakini kuchelewa kwengine kuna sababu, na sababu moja imechunguzwa hapa hapa kwetu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2006, uliofanywa kwa watoto wachanga wa Pemba, ulionesha kuwa waliopewa madini ya chuma walitembea kiasi cha siku 15 mapema kuliko wasiopewa, na kwa wale waliokuwa na upungufu wa damu kwa kukosa chuma tofauti ilifika kiasi cha siku 30. Damu ikipungua, mtoto hana nguvu ya kusimama, wala hana hamu ya kukiendea kitu akishike. Hata hivyo msikimbilie dukani kununua dawa ya chuma. Utafiti mwengine mkubwa wa kisiwa hiki ulisimamisha kutoa chuma mwaka 2003, kwa sababu wakati ule malaria ilikuwa nyingi, na waliopewa chuma walilazwa hospitali na kufariki kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Mtoto apimwe damu kwanza, dawa ifuate kipimo. Na chakula chake, akishatimiza miezi sita ya maziwa ya mama peke yake, kiwe na dagaa, samaki, maini yakipatikana, kunde na mboga za majani. Uji wa muhogo mtupu hujaza tumbo, damu ukaiacha vile vile.

Na yule aliyefika miezi tisa hakai, au mwaka na nusu hatembei, au mkono mmoja ameukunja daima, msimfiche chumba cha nyuma. Hakulaaniwa, wala mama yake hakukosea mwiko. Nimeingia katika nyumba ambazo mtoto wa namna hii hahisabiwi mgeni anapouliza idadi ya watoto. Akionekana mapema, yako mazoezi ya viungo na njia za kumkalisha na kumlisha zitakazomsaidia, na kila mwezi unaopita bila ya msaada huzidisha ukakamavu wa viungo vyake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisalisha watu naye amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Na alikuwa akiingia katika sala kwa nia ya kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto huifupisha kwa kumwonea huruma mama yake.

Ewe Mola wetu, walinde watoto wetu wachanga, watie nguvu mama zao, na wape baba zao wepesi wa kuondoka usiku wanapoamshwa. Warehemu waliotangulia kabla ya kujua majina yao, na wajaalie wawe watangulizi wa wazazi wao Peponi. Nasema maneno yangu haya, na namuomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Msamehevu, Mwenye kurehemu.